Taa ya Kijani ya Maman Rolande

Cédric alisema "mimi" mara nyingi sana katika mkutano ule, hata Kasoki akaacha kusikia maneno mengine. Mimi niliona tatizo. Mimi nilibadilisha programu yote. Ukutani nyuma yake ilionekana michoro ambayo Kasoki aliichora kwa mkono wake mwenyewe wakati wa baridi, na nje ya dirisha treni ziliendelea kuingia stesheni ya Gare du Nord, Brussels, kana kwamba hakuna kilichoibwa.

Kampuni yao ilitengeneza programu ya vijisanduku vya dharura. Mzee anayeishi peke yake huwekewa kijisanduku sebuleni na kitufe cha kuvaa shingoni. Akianguka, akibonyeza, mtu humjibu kutoka kituo cha huduma. Lakini programu ilikuwa imezeeka. Ilijua anwani za intaneti za zamani tu, zile fupi, ambazo dunia ilikwisha kugawana zikamalizika. Sasa kampuni za intaneti zilikuwa zinawahamishia wateja kwenye anwani mpya, ndefu, nyingi kiasi kwamba kila balbu ingeweza kupewa yake na zikabaki. Mtu alihitajika kuifundisha programu anwani hizo. Kasoki, aliyekuwa ametoka chuo juzi tu, aliinua mkono.

Aliipenda kazi ile kwa namna ambayo wenzake waliiona ya kitoto. Kwake anwani mpya zilikuwa jambo la haki. Kila mtu, hata bibi yake kule Butembo, angepata mahali pake kwenye mtandao bila kubanana mahali pamoja na majirani. Alikuwa akiandika huku akitabasamu peke yake. Cédric, mzaliwa wa Bukavu aliyemtangulia kazini, ndiye aliyemwonyesha njia ya kutoka stesheni hadi ofisini bila kulowa mvua, na ndiye aliyemwita *petite sœur*, dada mdogo, mbele ya watu. Kwa hiyo alipomwambia, "Unitumie kazi yako niiangalie kidogo," Kasoki alimtumia yote.

Mkutano ulipokwisha, Cédric alikuwa mkuu wa mradi. Kasoki alipewa kazi ya kuandika maelezo ya kijisanduku kwa Kiswahili, kwa ajili ya wazee wa Matonge, mtaa wa Wakongo jijini.

Alimkamata kwenye ngazi. "Jina langu umelipeleka wapi?"

"Jina gani? Programu haihitaji jina." Cédric alimgusa bega. "Bon, usikasirike, petite sœur. Weye uko mutoto, siku zako zitakuya. Miye niko na famille."

Siku iliyofuata, wenzake walipokwenda kula, Kasoki aliifungua programu. Kwenye mafaili mengi Cédric alikuwa amefuta mstari mmoja tu, ule wa juu kabisa, ambapo mwandishi huweka jina lake. Lakini kulikuwa na faili moja ambalo Kasoki aliliwekea maelezo kila mahali, na chini ya kila maelezo akatia sahihi. Hilo Cédric alilitupa lote. Mahali pake aliweka kipande kifupi alichokiandika mwenyewe.

Kasoki alikisoma, akakisoma tena.

Faili lililotupwa ndilo lililokuwa likiwatambua wazee. Anwani mpya zina tabia yake: modemu ya nyumbani ikizimwa na kuwashwa, nyumba inaweza kupewa anwani nyingine kabisa. Ndiyo sababu Kasoki aliandika kwamba kila kijisanduku kitambuliwe kwa ufunguo wa siri kinaoubeba ndani, popote kitakapojitokeza. Kipande cha Cédric kiliitambua anwani peke yake, kama enzi za zamani, wakati nyumba ilikaa na anwani moja mwaka hadi mwaka. Simu ikitoka kwenye anwani isiyojulikana, programu iliiona takataka, ikaitupa kimyakimya. Ofisini hakuna aliyeweza kuligundua kosa hilo. Modemu ya ofisi haikuzimwa kamwe, na kila jaribio lilipita.

Aliinuka ili akamwambie. Hilo ni kweli, aliinuka. Cédric alikuwa amesimama na wenzake kwenye mashine ya kahawa.

"Kasoki? Ananisaidia sana," alikuwa anasema. "Ule mutoto anaandika Kiswahili muzuri, hata mbuzi ya bibi yake itaelewa."

Walicheka. Kasoki aligeuka, akarudi kwenye kiti chake. Hakuwa na haja ya kutafuta la kumfanyia. Angemwacha tu na alichojifanyia mwenyewe, na angehakikisha kwamba kinamfikia mbele ya watu.

Nafasi ilikuja upesi. Nathalie, mkurugenzi wa shirika la kuhudumia wazee lililoagiza programu ile, alisema angependa kuiona ikifanya kazi katika nyumba halisi kabla ya kuipokea. Maonyesho yangekuwa Alhamisi. Je, kulikuwa na mtu anayemjua mzee ambaye hatashtushwa na wageni?

Kasoki aliinua mkono kwa mara ya pili. "Namjua Maman Rolande. Anakaa Chaussée de Wavre, juu ya duka la vitenge."

"Muzuri sana," Cédric alisema, akampigia makofi.

Maman Rolande alikuwa mjane kutoka Goma, na walisali kanisa moja. Kila mtu aliyewahi kumtembelea alijua tabia yake. Hakutoka nyumbani kabla ya kuchomoa kila kilichochomekwa ukutani: televisheni, redio, birika, modemu, hata taa ya kitandani. Goma umeme ulikuwa ukikatika na kurudi kwa nguvu, na siku moja ulirudi ukamuunguzia friji na redio ya marehemu mumewe kwa pigo moja. Brussels haikuwahi kumuunguzia kitu, lakini hakuiamini. "Courant ya huku inajifanya pole tu," alikuwa akisema.

Fundi alikiweka kijisanduku Ijumaa. Jumapili Kasoki alikwenda kumchukua kwa ibada, akasimama mlangoni akimtazama mama yule akizunguka chumba na viatu vyake vya kanisani, akiinama kwa shida kwenye kila kona.

"Modemu pia, maman?"

"Juu ya nini niiache? Iko na kazi gani hapa wakati miye niko kwa Mungu?" Alichomoa. "Na hii kisanduku yenu, nayo ipumzike."

Kasoki alimshika mkono, wakateremka. Aliimba kanisani kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Waliporudi, Maman Rolande alichomeka vyote tena, kimoja kimoja. Kijisanduku kiliwaka taa ya kijani, maana intaneti ilikuwapo. Mama alipoingia chumbani kubadili nguo, akaacha kitufe mezani, Kasoki alikibonyeza. Alisubiri. Akabonyeza tena. Hakuna sauti iliyotoka, na taa ile ya kijani iliendelea kumtazama kama jicho la mtu asiye na wasiwasi.

Furaha ilimpanda kifuani ikiwa moto. Alimwona Cédric katikati ya sebule hii, akiwa na suti yake ya bluu, akibonyeza na kubonyeza. Alimwona Nathalie akimgeukia. Aliusikia ukimya wenyewe.

"Kasoki!" Maman Rolande aliita. "Kuya unisaidie, goti imekataa."

Alimkuta ameegemea ukuta, mguu mmoja ndani ya kitenge na mwingine nje, mkono umeng'ang'ania meza ndogo. Kasoki alimshika. Mama alikuwa mwepesi kuliko alivyofikiri. Ndipo alipoelewa kwamba kuanzia dakika ile hadi Alhamisi, mama huyu angevaa shingoni kitufe kilichokufa.

Mtu mwenye akili zake angempigia Cédric simu hapohapo. Kasoki alifikiri kidogo, akasema, "Maman, chauffage ya kwangu imeharibika, chumba ni baridi tupu. Naomba nilale kwako mpaka Alhamisi."

Kwa hiyo akalala kwenye kochi. Alitoka kazini mapema. Saa za kazi alimpigia mama simu kwa visingizio, mara kuuliza jinsi ya kupika sombe ya majani ya muhogo, mara kuuliza kama mvua inanyesha, hata mama akamwuliza kama kule kazini hawana dirisha. Alilinda kila hatua yake kati ya jikoni na bafu. Kisasi kilikuwa kimegeuka kazi ya kuchosha kuliko ile aliyoibiwa, lakini hakukubali kukiacha. Kila alipotaka kulegea, alisikia kicheko cha kwenye mashine ya kahawa.

Jumatano mama alimwekea sombe na bugali, akaketi mbele yake kumtazama akila.

"Unajua, tangu mume wangu afe, hakuna mutu amelala hapa juu ya kunipenda tu. Watoto wangu, donc, wanapiga vidéo, wanasema maman uko sawa, wanakata. Weye umekuya."

Kasoki alimeza tonge bila kulitafuna.

Asubuhi ya Alhamisi, akiwa anafuta meza kwa ajili ya wageni, simu yake ililia. Ilikuwa Rukiya, dada wa Kirundi kutoka Bujumbura aliyepokea simu za wazee kule kituoni. Walikuwa wamezoeana wakati Kasoki akiandika programu.

"Hongera, wewe!" Rukiya alisema. "Programu yenu mpya imetupumzisha. Simu za ovyo zimekwisha. Hata papa Noé ameniacha."

"Papa Noé nani?"

"Yule wa mtaa wa Flagey. Si alikuwa anabonyeza kila asubuhi kuniuliza kama nimevaa koti? Siku hizi kimya. Nafikiri amepata mke."

Kasoki aliacha kufuta. "Papa Noé ana kijisanduku kipya?"

"Wewe hufanyi kazi huko? Cédric alituma fundi kwenye nyumba kadhaa wiki iliyopita. Alitaka Nathalie aone mumefika mbali. Kasoki? Uko?"

"Huyo mzee ametoka wapi?"

"Uvira. Kwa nini?"

Hakuhitaji kueleza kwa nini. Uvira, Goma, Butembo, umeme ni uleule. Papa Noé naye angekuwa anachomoa kila kitu kabla ya kushuka kunywa kahawa yake Flagey. Wote wangekuwa wanachomoa. Cédric, ambaye mama yake mwenyewe kule Bukavu bila shaka alifanya hivyohivyo, hakuwahi kulifikiria.

"Rukiya, nisikilize. Wapigie wote kwa simu ya kawaida. Mmoja mmoja, sasa hivi. Vitufe vyao havifanyi kazi."

"Unasema nini?"

"Wapigie!"

Kengele ya mlango ililia. Maman Rolande, akiwa amevaa kitenge kipya kwa heshima ya wageni, alikwenda kufungua. Cédric aliingia na suti yake ya bluu na keki kwenye boksi. Nathalie alimfuata, mwanamke mrefu, mpole, akamshika mama mikono miwili. Kila kitu kilikuwa kama Kasoki alivyokiota, hata mahali Cédric aliposimama.

"Maman, uko namna gani? Leo weye ndiye star yetu," Cédric alisema, kisha akamgeukia Nathalie kwa Kifaransa. Alianza na neno lile lile. Mimi.

Simu ilitetemeka mkononi mwa Kasoki. *Wote wamejibu isipokuwa papa Noé*, Rukiya aliandika. *Simu inalia tu.*

Dakika chache tu, nafsi ilimwambia. Labda mzee ametoka. Labda yuko bafuni. Mwache Cédric abonyeze kwanza, mwone akiaibika, kisha useme. Mama alikuwa amekwisha kukiinua kitufe, anangoja ishara, anatabasamu kama anayepigwa picha.

Labda yuko bafuni.

"Subirini," Kasoki alisema, na sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka. "Madame Nathalie, kitufe hiki hakitajibu. Kuna mzee Flagey, anaitwa Noé, naye ana kitufe kama hiki na hapokei simu. Tafadhali tuma mtu mwenye ufunguo wa nyumba yake. Sasa."

Nathalie alimtazama usoni, akatoa simu yake, akatoka nayo kwenye korido.

Cédric alimgeukia kwa Kiswahili. "Unanifanyia nini, Kasoki? Mbele ya muzungu? Ni wivu, ama?"

"Ni anwani."

"Anwani gani? Imepita tests zote!" Alimgeukia mama. "Maman, finya. Finya tu, tumuonyeshe."

Maman Rolande alifinya. Taa ya kijani. Ukimya. Cédric alikichukua kitufe shingoni mwake, karibu amvute mama na kamba yake, akafinya mwenyewe, akafinya kwa kidole gumba, akakitikisa.

Nathalie alirudi. "Wameshaenda," alisema. "Cédric, kwa nini hakijibu?"

Cédric alifungua kompyuta juu ya meza, pembeni ya keki. Aliangalia mistari ya programu kama mtu anayeangalia barua ya lugha asiyoijua. "Labda modemu," alisema. "Labda kisanduku chenyewe." Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Ilikuwa sura ileile ambayo Kasoki aliiota kwenye kochi siku zote zile, na sasa ilikuwa mbele yake, bure, angeweza kuitazama atakavyo. Hakuweza. Macho yake yalikuwa kwenye simu.

Ililia. Aliiweka kwa sauti ya juu, wote wasikie.

"Wamemkuta," Rukiya alisema, akipumua kwa nguvu. "Chini, bafuni, tangu alfajiri. Nyonga imevunjika. Ambulansi inakuja. Yuko hai, Kasoki, anatukana kwa lugha tatu. Anasema amefinya mpaka kidole kimevimba."

Maman Rolande aliketi. Hakuna aliyegusa keki.

"Nani anajua kukirekebisha?" Nathalie aliuliza.

"Mimi," Kasoki alisema. Lilikuwa neno la Cédric, na alilisema taratibu. "Kulikuwa na faili linalowatambua wazee hata nyumba ikipewa anwani nyingine. Niliandika mimi. Lilifutwa kwa sababu lilikuwa na jina langu. Nakala ninayo." Kisha, kwa Kiswahili, akimtazama Cédric: "Programu haikuhitaji jina, grand frère, kaka mkubwa, ulisema kweli. Ilihitaji kazi iliyokuwa chini yake."

Cédric alifunga kompyuta yake. Alichukua koti lake. Kwenye ngazi walimsikia akiteremka polepole, kama mtu anayengoja kuitwa. Hakuna aliyemwita.

"Ulijua tangu lini?" Nathalie alimwuliza Kasoki.

Angeweza kusema tangu asubuhi. "Tangu kabla ya kuichagua nyumba hii. Niliichagua kwa sababu hiyo."

Nathalie alikuwa mtu mpole, lakini upole ulikuwa umemwondoka usoni. "Lirudishe," alisema. "Halafu nitazungumza na wakuu wenu, habari zenu wote wawili."

Kasoki alilirudisha faili palepale, kwenye meza ya Maman Rolande, mstari kwa mstari, maelezo yake na sahihi zake. Alipomaliza, Nathalie alikuwa amekwisha kwenda hospitali kwa papa Noé. Mama alikuwa bado ameketi, kitufe kikiwa mapajani.

"Alors," mama alisema. "Chauffage yako haikuharibika."

"Hapana, maman."

"Ulikuwa unanilinda miye, ama ulikuwa unalinda hasira yako?"

"Vyote, maman."

Mama alitikisa kichwa polepole, midomo ikiwa imebana. Kisha alinyoosha kidole kuelekea nyuma ya kabati, mahali penye vumbi ambapo goti lake lilikuwa likimsumbua kila Jumapili.

"Piga magoti. Chomoa."

Kasoki alipiga magoti, akanyoosha mkono gizani, akachomoa modemu.

"Chomeka."

Alichomeka. Walingoja taa. Mama alibonyeza, na sauti ya Rukiya ikajaa sebuleni: "Maman Rolande, nakusikia, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Ngoja hapo." Mama hakumtazama Kasoki. "Chomoa tena."

Alichomoa tena. Mama alimrudisha nyuma ya kabati mpaka magoti yake yakauma na suruali ikajaa vumbi, na kila mara Rukiya alijibu, mwisho akicheka waziwazi. Mama hakucheka. Hata alipomfungia Kasoki kipande cha keki ya Cédric aende nacho, alimkabidhi mlangoni, hakumwambia arudi.

Ofisini mradi ulipewa mtu mwingine kabisa. Kasoki alipewa onyo, na jina lake likarudishwa juu ya mafaili yake. Cédric alipewa kazi ya kuandika maelezo ya Kiswahili, na kila ukurasa ilimbidi amtumie Kasoki ausahihishe. Alikuwa akiusahihisha kwa wino mwekundu, mwingi. Huruma ilimjia mara mojamoja, akaiacha ipite.

Lakini papa Noé naye alikuwa na lake. Alipotoka hospitali, ambako Nathalie alimsimulia yote, alikataa kuzungumza na Rukiya. Kila asubuhi anabonyeza kitufe na kusema, "Nipeni ule mutoto." Rukiya anamuunganisha na simu ya Kasoki, popote alipo, kwenye treni, kwenye mkutano, bafuni.

"Kasoki. Uko?"

"Niko, papa."

"Bon." Na anakata. Hajawahi kusema zaidi, na Kasoki hajawahi kukosa kupokea.

Jumatatu iliyopita mvua ilikuwa ikipiga vioo vya ofisi, mbele ya Gare du Nord. Mzee aliuliza swali lake, Kasoki akajibu, lakini safari hii simu haikukatika. Alisikia mzee akivuta pumzi.

"Umevaa koti?"

Koti lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango.

"Bado, papa."

"Alors, vaa," alisema papa Noé, akakata.